Mzee kasema dawa hapigi, na mfuko wa salfa nauona pale ukutani

Shikamoo Mama Somo,

Naomba jina langu usilitoe, na kijiji nisikitaje, tuseme tu ni huku juu Newala, maana tunajuana sana na mradi wenyewe sio mkubwa, mtu akisoma mistari miwili tu atajua ni nani.

Mimi ni binti wa miaka 27. Nimemaliza digrii ya isimu Dar miaka mitatu iliyopita, nikarudi nyumbani nikakaa mwaka na nusu bila kazi. Mjomba kila akija ananiuliza, "sasa wewe umesomea lugha, lugha si unayo toka umezaliwa?" na mi jibu la kumpa nilikua sina kwa kweli. Ndo dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, yeye kasomea kilimo, akanivuta kwenye mradi wa utafiti wa korosho. Kazi yangu ilikua kutafsiri dodoso toka Kiingereza kuja Kiswahili, alafu kutembea na wadadisi kwenye vijiji ambavyo wazee wanajisikia vizuri zaidi ukiongea nao Kimakonde. Mtafiti mkuu sio mtu wa huku, Kiswahili chake cha kuombea maji, ila ni mtu mwema na anatulipa kwa wakati.

Sasa shida ipo kwenye swali la 14. Linasema hivi: "Katika msimu uliopita, ulitumia viuatilifu kwenye mikorosho yako?" Ukibonyeza Hapana, tableti inaruka maswali sita yanayofuata, kiasi gani, mara ngapi, ulipata wapi, yote inayaruka inaenda kwenye mavuno. Neno viuatilifu, yani vitu vya kupuliza kuzuia wadudu na magonjwa ya mimea, niliandika mi kwa sababu ndo la kwenye vitabu na matangazo. Wadadisi walivyoona watu wanawatolea macho wakawa wanaongezea wenyewe, "yani dawa".

Mwezi wa tatu nikaenda na mdadisi mmoja kwa mzee wa makamo ya babu yangu. Amekaa barazani anagonga korosho za kuchoma na jiwe, moja moja, ganda huku tunda kule kwenye ungo. Akaulizwa, akajibu bila kufikiria, "Dawa? Hapana. Mwaka jana dawa sikupiga." Mdadisi kabonyeza Hapana, tableti imeruka. Na mi nipo namtazama mzee, nyuma yake ukutani mashine ya kupulizia imetundikwa, chini yake mfuko wa salfa, ule unga wa kuzuia ukungu kwenye mikorosho, nao ni kiuatilifu, umefungwa na kamba ya katani, unga wa njano umemwagika kidogo na kuku kapita juu yake, nyayo za njano zimekuja mpaka kwenye mkeka tuliokalia sisi. Nikamuuliza kwa Kimakonde, babu na ile je? Akacheka. "Ile si salfa! Salfa nimepuliza mara nne. Nyie mmeuliza dawa. Dawa ni ile ya maji, ya mbu wa mikorosho, hela yake sikuwa nayo." Huyo mbu ni mdudu anayeshambulia mikorosho. Alafu akaniuliza, "kwani mlikua mnataka ipi?" Sikumjibu vizuri, mdadisi alikua ashasimama tunaenda nyumba nyingine.

Nikarudi jioni kwa nyumba mbili ambazo zilishaulizwa. Moja jibu ni lile lile, salfa sio dawa. Ya pili ni ya bibi mmoja, nilivyotaja dawa akashusha sauti akasema shamba lake halina dawa, yeye anaswali. Yani yeye alisikia zindiko!

Nyumba 412 zishaulizwa Mama. Ripoti ya awali ishaandikwa kwamba wakulima wengi eneo hili hawatumii viuatilifu na inapendekezwa waletewe mafunzo ya umuhimu wa kupuliza. Nilivyomwambia dada akabadilika uso, akasema "unanitafutia nini? Wadadisi nimewafundisha mimi." Kwenye kikao nikanyoosha mkono nikajaribu kueleza, nikaambiwa hilo ni suala la lugha litaangaliwa mwishoni. Kwenye ripoti mi nipo ukurasa wa shukrani, "mtafsiri", bila jina.

Wakati huo huo mwalimu wangu wa chuo kanipigia, kuna nafasi ya masta, kuchambua toni za Kimakonde, yani sauti inavyopanda na kushuka kwenye maneno, ada wanalipa nusu. Kaniambia niache kubebea wanakilimo mabegi nirudi kwenye isimu yenyewe. Jibu anataka kabla ya mwisho wa mwezi wa tano. Mkataba wa mradi unaisha wa sita.

Mama nifanyeje. Nikisema namuharibia dada aliyenitoa kwenye kukaa bure. Nikinyamaza kila nikipita kwa yule mzee naona aibu. Na moyoni najiuliza, hivi kweli isimu ina kazi kwenye korosho au najipa umuhimu ambao sina?

Binti wa Newala

*

Marahaba mwanangu, marahaba sana.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na ile ya tatu nilikuwa naziona nyayo za kuku tu. Nikuelewe hivi, unirekebishe nikikosea. Unadhani umegundua kwamba swali moja limeingia masikioni mwa watu kivingine na limebeba maswali sita mgongoni. Umejaribu kusema mara mbili, nyumbani na kikaoni, kote umezimwa. Aliyekuzima nyumbani ndiye aliyekutoa barazani kwenu. Na pembeni kuna mlango umefunguliwa, ukipita huo haya yote utayaacha nyuma. Hayo ni mambo matatu na yameshikana, kwahiyo ukivuta moja mengine yanakuja, ndio maana hulali.

Kuna sentensi moja kwenye barua umeipitia mbio sana. "Neno viuatilifu niliandika mi." Halafu ukaenda kwa wadadisi, ukaenda kwa dada, ukaenda kwa bosi, pale hukurudi tena. Mimi nataka turudi pale pamoja, sio kukulaumu mwanangu, ningekuwa mimi ningeandika hilo hilo. Ni neno sahihi na limo kwenye matangazo. Ila linakaa kwenye karatasi, halikai barazani. Wadadisi walipoona halishiki wakaweka "dawa", na dawa kwa Kiswahili chetu ni pango lenye vyumba vingi, kuna ya hospitali, ya panya, ya meno, ya kumfunga mwizi shambani, ya kumrudisha mume. Huyo bibi yako hakukosea hata kidogo, aliulizwa swali la aibu na mtoto wa watu mbele ya tableti akajitetea.

Nalirudia hili kwa sababu linabadilisha namna ya kwenda kwa dada yako. Ulivyomwendea mara ya kwanza, yeye alisikia "wadadisi wako wamekosea". Sijui ulitamka nini hasa, lakini jibu lake linaonyesha alichosikia, na wewe umesoma mambo haya, unajua kinachosemwa na kinachosikika vinaweza kupishana hata kati ya ndugu wa tumbo moja. Je, umewahi kumwambia "dada, nadhani nimekosea mimi, neno nililochagua halikufaa"? Huko kuna hatari yake, nakuonya. Anaweza kuupokea ukiri wako kwa mikono miwili akaupeleka juu kama ulivyo, kwamba mtafsiri kaharibu, basi, na mwezi wa sita ukafika hujaongezewa mkataba. Inawezekana kabisa. Inawezekana pia akashusha mabega mkakaa mkaangalia dodoso wote wawili, kwa kuwa yeye kwenye korosho anajua vitu wewe huvijui. Wewe ndiye unayemfahamu anavyokuwa akishikwa na hofu.

Nikuulize na jingine. Una uhakika gani? Nyumba 412, wewe umezisikiliza mwenyewe tatu, ya mzee na zile mbili ulizorudia. Katika hizo tatu maana zimetoka mbili tofauti. Hilo linatosha kumshtua mtu mwenye masikio, ila halitoshi kusema ripoti ni ya uongo. Pengine kweli kuna wengi hawakupuliza kitu, pembejeo zilichelewa, hela haikuwepo, mashine mbovu. Unaweza kukuta kwenye mia nne shida ni ya nyumba hamsini. Unaweza kukuta mia tatu. Hakuna anayejua, hata wewe, na nadhani kikaoni ulizimwa kidogo kwa ajili hiyo, ulileta kisa kizuri kwa watu wanaokula kwa namba. Wanakilimo wana adabu zao za kusadiki jambo kama sisi wa lugha tulivyo na zetu, ukienda kwao unavua viatu mlangoni.

Sasa hili la isimu kuwa na kazi kwenye korosho au la. Hapa nitakaa kidogo, nivumilie, nimefundisha Kiswahili miaka mingi na jambo hili naliwaza mpaka leo.

Mimi nimelea watoto Lindi. Barazani kwetu malaria ilikuwa malaria, na degedege lilikuwa degedege, vitu viwili mbalimbali. Malaria unampeleka mtoto hospitali. Degedege, mtoto akikakamaa macho yakageuka, watu walisema ndege kampitia, na wengine waliamini kabisa kwamba akichomwa sindano katika hali ile anakufa, kwahiyo anapelekwa kwa fundi kwanza. Kumbe mara nyingi ni malaria hiyo hiyo imepanda kichwani. Miaka ya 1990 watafiti huku Tanzania walikuja kuliandika jambo hili, kwamba mama anaweza kuwa ameelewa kila neno la tangazo la malaria na bado asione kama linamhusu usiku ule, maana mwanawe hana malaria, ana degedege. Madaktari walikuwa wanajua ugonjwa wenyewe, kilichowapita ni kujua mama anauita nani. Wewe ulivyoniandikia salfa sio dawa, mimi nikakumbuka majirani zangu.

Kuna Mmarekani mmoja, Harold Conklin, miaka ya 1950 alikaa na Wahanunóo huko Ufilipino, wakulima wa milimani, akajifunza lugha yao vizuri kabla hajaanza kuwaandikia kilimo chao. Majina ya mimea aliyokusanya yalipita 1,600, watu walikuwa wanatenganisha mimea mingi kuliko wataalamu wenyewe wa mimea walivyotenganisha. Na kwenye rangi akakuta neno lao moja la ukijani lina umaji ndani yake, muanzi uliokatwa sasa hivi unaong'aa maji wanautaja kwa neno hilo hata kama kwa macho yetu ni kahawia. Ukienda na kadi za rangi ukawauliza "hii ni kijani au kahawia" utapata majibu, tena mengi, na yote yatakuwa yamekaa upande. Nasi tunasema kijani kibichi, na sidhani kama uliwahi kujiuliza ubichi unatafuta nini kwenye rangi.

Na hata mahakamani. Kwao Marekani, miaka ya 1980, kuna mfanyakazi wa mizigo uwanja wa ndege Los Angeles alishtakiwa kwamba anapiga simu za vitisho vya bomu. William Labov, mtu wa isimu, akasikiliza zile kanda akaonyesha kwamba irabu za mpigaji ni za upande wa Boston na mshtakiwa anaongea New York tupu. Wazungu wa upande mwingine walisikia sauti zinafanana, wewe ungezitenga kama unavyomtenga mtu wa Newala na mtu wa Masasi kabla hajamaliza salamu. Jaji akamwachia yule bwana. Hapa kwetu toka 2021 sheria inasema lugha ya mahakama ni Kiswahili, kazi ya namna hiyo itaongezeka, jicho liwe huko pia.

Nakuambia haya kwa sababu umeuliza kama unajipa umuhimu. Ulichofanya pale barazani, kuona mfuko, kusikia jibu, kugundua kwamba haviendi pamoja, na kuuliza tena kwa lugha ya mwenye nyumba, hiyo ni kazi yenyewe. Umeifanya bila kuambiwa na mtu.

Ila mwalimu wako naye sitaki umwone adui. Anayekwambia usibebe mabegi ya watu pengine ameona vijana wake wengi wakiishia ukurasa wa shukrani bila jina, na wewe umeshafika ukurasa huo. Ana hoja. Na Kimakonde kinahitaji watu. Kiswahili hakina toni, Kimakonde kinayo, na wanaoweza kuisikia toka utotoni halafu wakaiandika kitaalamu ni wachache, wewe ni mmoja. Anachokisahau, au wewe ndiye hujamwambia, ni kwamba Kimakonde hicho hicho ndicho kilichokupa jibu la mzee. Je, umewahi kumuuliza kama tasnifu inaweza kusimama kwenye maneno ya shamba la korosho, watu wa Newala wanavyougawa ulimwengu wa kupuliza, salfa huku, dawa kule, pembejeo pengine? Anaweza kukataa. Anaweza kusema hiyo ni kilimo, na wanakilimo waseme hiyo ni lugha, ukabaki katikati huna baba wala mjomba, nimewaona watu wa hivyo na maisha yao ya kazi si mepesi. Anaweza pia kufurahi. Kumuuliza ni simu moja, na nusu ya ada anayokupa haitapungua kwa swali. Nusu nyingine lakini itatoka wapi, hilo hukuniandikia, nami naliona linasubiri.

Kuhusu kusema au kunyamaza. Ukinyamaza, mkataba unaisha kwa amani, dada anabaki dada, na mradi unaleta semina ya kumfundisha mzee wako umuhimu wa kupuliza, mtu aliyepuliza mara nne. Atakaa, atakunywa soda, atapiga makofi. Labda hamna atakayeumia sana. Labda hela iliyotakiwa kwenda kwenye dawa ya mbu, ambayo mwenyewe kakwambia ndiyo iliyomshinda, itakuwa imekwenda kwenye semina. Ukisema kwa bosi moja kwa moja unampita dada kichwani, na kwa ukoo wenu wa upande wa mama hilo halitaishia kazini, litafika kwa mjomba kabla ya Ijumaa. Ukipitia kwa dada inachukua muda, na muda huna mwingi.

Njia ya katikati ipo, nayo ina miiba yake. Mngeweza kuomba kurudi kwa nyumba kama thelathini tu, zichaguliwe kwa bahati nasibu na zisiwe zile unazozihisi wewe, mkauliza swali lile la 14 kama lilivyo na baadaye mkauliza kivyake: salfa ulipuliza? dawa ya maji ulipiga? mara ngapi? Mnalinganisha. AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, nao wana madaftari ya nani kachukua pembejeo, mkipata ruhusa mnaweza kuyatazama, ingawa kuchukua mfuko sio kuupuliza, wengine wanauza. Hapo bosi unampa namba, na dada anaweza kuwa yeye ndiye aliyeileta hiyo namba mezani kama mkikubaliana. Mwiba ni kwamba mkikuta shida ni kubwa hamtaweza tena kusema hamkujua. Na mkikuta ni ndogo, wewe utatakiwa uikubali hivyo ndogo ilivyo, moyoni pia, sio mdomoni tu.

Jina lako kwenye ripoti liombe. Kwa maneno ya kawaida, bila machozi. Hilo sioni la kulizungushia.

Na yule mzee. Alikuuliza swali, "mlikuwa mnataka ipi?", ukaondoka bila kumjibu. Sikwambii nenda au usiende. Ila aibu unayoisikia ukipita kwake, jaribu kuitazama ni ya nini hasa, ya ripoti au ya kutojibu salamu ya mtu mzima, maana hivyo ni vitu viwili, kimoja hakihitaji ruhusa ya bosi wala ya dada.

Chochote mtakachoamua kuhusu zile nyumba thelathini, angalieni kalenda. Mvua zikikatika watu wanahamia kwenye mikorosho kusafisha, na mashine zikianza kulia huko mashambani, kumkuta mtu barazani saa nne asubuhi huwezi tena.

Niandikie, hata kwa mistari miwili.

Mama Somo, Lindi